Milio Mitano ya Bi Sikudhani

Bisheni. Wewe hapo uliyeegemea mlango, na wewe unayecheka kwa nusu mdomo, bisheni mapema kabisa ili tuelewane. Semeni Turubali muongo. Semeni Turubali aliacha shule kidato cha pili, hajui hata kugawanya kwa mkato, atatuambia nini? Nimezoea. Lakini nikimaliza, atakayesimama akasema hayakutokea, nitamchomelea geti la bure, lenye maua juu na jina la mama yake katikati.

Hakuna? Haya, kaeni.

Hapo zamani, na zamani yangu mimi siyo ya sultani na mabinti zake, ni ya juzijuzi tu, msimu ule wa vibaka wa mchana, palikuwa na mtaa hapa mjini unaitwa Kwa Mshale. Mtaa wenyewe ni uchochoro mmoja na nyumba saba. Ukiingia kutoka barabara kubwa unaipita ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha unakuta kibanda cha mabati, na hapo njia inagawanyika. Kushoto unaingia kwenye kona nyuma ya ghala la magodoro, kuna nyumba ya tano na ya sita, zinatazamana kama watu waliogombana. Kulia unakwenda, unakwenda, mpaka nyumba ya saba, kwa Mzee Kapilima, mjumbe wetu. Shikeni hiyo ramani. Kibanda katikati, kushoto tano na sita, kulia saba. Atakayepotea mbele ya safari asinilaumu.

Kibanda ni changu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, tena siyo wa kubahatisha. Mshono wangu wa chuma ukiupitishia kidole unadhani umepitisha kwenye shavu la mtoto. Na msimu ule, jamani, nilikuwa mfalme. Vibaka walikuja saa saba, saa nane mchana, jua linawaka, wenye kazi wako kazini na waliobaki wamelala. Mama anatoka dukani, mkoba umekwenda. Binti anaongea na simu mlangoni, anabaki ameshika sikio. Kila aliyeporwa, kesho yake yuko kwangu.

"Turubali, nifungie grili dirishani."

Nikafunga nyumba ya kwanza. Nikafunga ya pili. Nikafunga ya tatu, nikafunga ya nne, mpaka kwa mjumbe. Nikafunga madirisha, nikafunga milango, nikafunga na baraza zenyewe, mpaka Kwa Mshale pote pakawa kama mabanda ya kuku, na wenye nyumba humo ndani wanachungulia.

Sasa niwaambie kitu kimoja ambacho hawakufundishi popote. Ukishamfungia mtu grili, hakukaribishi ndani tena. Anasahau, au anaona uvivu kutafuta ufunguo, sijui. Chai anakupitishia kwenye nafasi ya nondo ulizopanga mwenyewe. Unakunywa umesimama nje, kikombe unakirudisha palepale kilipotokea. "Asante, fundi." Basi. Mimi nilizijua nafasi za nondo za mtaa ule kwa vikombe.

Na kulala nilikuwa nalala palepale kibandani, kati ya mabomba na flati bari, vile vipande bapa vya chuma. Siyo kwamba sina pa kwenda. Mtu kama mimi akose pa kwenda? Tuendelee.

Mzee Kapilima akaitisha kikao. Akaja na mfuko wa filimbi, zile nyekundu za marefa.

"Filimbi moja kwa nyumba," akasema. "Atakayevamiwa apulize. Nyumba ya kwanza, mara moja. Ya pili, mara mbili. Ya tatu, mara tatu. Hivyohivyo mpaka kwangu, mara saba. Mkisikia, hesabuni, mkimbilie nyumba hiyo. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, mjumbe."

Nikanyoosha mkono. "Mjumbe, na kibandani kwangu mara ngapi?"

"Kibanda siyo nyumba, Turubali."

"Nikivamiwa je?"

"Wewe wa kuvamiwa? Wataiba nini, kutu?"

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa sauti kuwazidi wote.

Akauliza mwingine, kutoka nyuma kabisa, sauti nzito kama ya mtu aliyeamshwa: "Na sisi wapangaji?"

"Filimbi anakaa nayo mwenye nyumba."

"Asipokuwepo?"

Shingo zote zikageuka. Kilikuwa kibonge cha mtu kimekunja mikono, kimevaa koti zito mchana kweupe. Anaitwa Ligonja, lakini jina hilo siku ile hakuna aliyelijua. Alikuwa amepanga chumba cha nje cha nyumba ya sita, mwaka mzima. Mtaa ulijua mambo mawili tu juu yake, kwamba analala mchana kutwa, na kwamba jua likizama anatoka na koti. Nikamsikia mama mmoja ananong'ona, "Mtu mzima anayelala mchana, unadhani kazi yake ni nini?" Na mwenzake akajibu, "Ndiyo haohao." Kumbe alikuwa mlinzi wa kiwanda huko ng'ambo ya reli. Angeulizwa angesema. Hakuulizwa.

Mjumbe akakunja mfuko wake. Akasema kikao kimefungwa.

Sasa nyumba ya tano. Hiyo ni ya Bi Sikudhani, mjane, msuka mikeka. Kinywa chake hakina haraka na mikono yake haina utulivu. Nyumba nzima anakaa peke yake, na uani kuna chumba kilichofungwa kufuli tangu alipofariki mumewe, Mzee Makame. Mzee alikuwa na pumu. Miaka thelathini alikohoa katika chumba kile, anasikiliza redio na kukohoa, anakohoa na kusikiliza redio, na miaka thelathini mkewe alimpigia ukuta: "Makame, punguza basi, watu wamelala!" Sasa watu wanalala.

Siku ya tatu baada ya kikao, bibi huyo alikuja kibandani kwangu, filimbi ameifunga kwa kamba ya ukili shingoni.

"Turubali, mwanangu, zima hiyo mashine. Sikiliza kama nimezipata."

"Puliza, bibi."

Akapuliza. Moja. Mbili. Tatu. Ya nne ikatetemeka, pumzi ilikuwa imemwishia. Akavuta hewa, akatoa ya tano, ndefu, mpaka kuku wa nyumba ya nne wakakimbia.

"Ngapi?"

"Tano, bibi."

"Umehesabu vizuri?"

"Bibi, mimi zako nitazijua hata nikiwa nimelala. Ile ya nne inayotetemeka hakuna mwenye nayo."

Akacheka. Akanipa kashata mbili, mkononi, bila nondo katikati. Akaondoka.

Haya, siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana. Umeme umekatika, mashine yangu kimya, mtaa kimya, hata redio hakuna. Bi Sikudhani anafunga mlango aende kliniki ya presha. Kwenye mkoba ana simu, dawa, na fungu zima la funguo, za mlango wa mbele, za uani, na ule wa chumba cha Mzee Makame. Kibaka akatokea kwenye kinjia cha pembeni ya ghala, kijana mwembamba, kisu mkononi. Akaushika mkoba. Bibi naye akaushika. Akavuta. Naye akavuta. Akamburuta bibi wa watu chini mpaka bega likalia. Na pale chini, mkono mmoja kwenye mkoba, bibi akaipeleka filimbi mdomoni.

Ikalia.

Watu wakaamka. Makufuli yakaanza kutafutiwa funguo, funguo zikaanza kutafutwa chini ya mito. Waliofanikiwa wakaja mbio mpaka penye kibanda changu, pale njia inapogawanyika, kama kumi hivi, mmoja ana mwiko, mmoja ana kiti.

"Ngapi? Ngapi?"

"Mimi nimeamkia katikati!"

"Nilikuwa bafuni!"

"Si nimekuuliza ngapi?"

Ikasikika sauti: "Saba! Kwa mjumbe!"

Wakaenda kulia. Wote. Mwiko, kiti, kandambili, wote kulia.

Mimi nikachukua nondo nikaenda kushoto. Peke yangu! Mtaa mzima umekwenda kulia, Turubali kushoto. Kwa nini? Masikio, jamani. Mtu aliyezoea kusikiliza chuma kinavyoimba hababaishwi na filimbi.

Nikaikuta kona ni vita. Kwenye nyumba ya sita, nyuma ya grili, yupo Mama Nyanzala. Huyu ni mama mtu mzima, miguu inamsumbua. Binti yake Nyanzala, kila asubuhi akienda kazini, anamfungia kwa nje, eti asije akavamiwa, na kuondoka na ufunguo na ile filimbi. Kwa hiyo Mama Nyanzala ameona kila kitu tangu mwanzo na hawezi kutoka. Akafanya nini? Akaanza kuvitupa vyombo vya jikoni dirishani. Vijiko! Mifuniko! Kikombe! Sahani ya bati! Kila kinachopita kwenye nondo kinakwenda, na mdomo wenyewe haujasimama.

"Muache! Muache shoga yangu, mwanaharamu wee! Turubali! Mbona nafasi zako ndogo hivi? Ungeacha kubwa kidogo ningempiga na chungu!"

Mfuniko mmoja ukaviringika mpaka chini ya mguu wa kibaka. Akaukanyaga. Akaenda chini, pu! Na hapohapo mlango wa chumba cha nje ukafunguka, akatoka Ligonja, kifua wazi, shuka kiunoni, macho hayajafunguka vizuri. Hakuuliza. Akamrukia. Kibaka akazungusha kisu, Ligonja akakidaka kwa kiganja, jamani, kwa kiganja kitupu, na kwa mkono wa pili akaunyakua mkoba. Kibaka akaona na mimi nakuja na nondo. Akauacha mkoba na kisu, akashika kinjia cha ghala.

Nikamfukuza. Nikamfukuza mpaka kinjia kinapotokea barabarani, nikamkosa kwa urefu wa mkono. Shati lake nilishika, kipande kikabaki mkononi. Kibandani ninacho mpaka leo, mwenye kubisha nitamwonyesha.

Huku nyuma, wale wa kulia walikuwa wamefika kwa mjumbe. Wakamkuta mjumbe amelala, mdomo wazi, usalama mtupu. Wakarudi mbio, wana jasho, wana aibu, wana hasira, wakaingia kona. Wakaona nini? Bibi yuko chini. Na yule mpangaji asiyejulikana, anayelala mchana na kutoka jua likizama, amesimama juu yake, kifua wazi, damu mkononi, mkoba mkononi.

"Huyu hapa! Si tulisema?"

Hawakumwuliza. Walikuwa hawajamwuliza mwaka mzima, wangemwuliza sasa? Kiti kikatua. Mwiko ukatua. Mateke yakafuata. Mama Nyanzala anapiga kelele dirishani, "Siye! Siye huyo! Nimeona mimi!" nani amsikie. Mimi narudi mbio naona vumbi tu. Na Bi Sikudhani, bega limetoka mahali pake, akatambaa. Akapita katikati ya miguu ya watu, akajilaza juu ya Ligonja.

"Nipigeni mimi basi. Nipigeni mimi kwanza."

Nikaingia katikati na nondo juu. "Atakayenyanyua mkono tena," nikasema, "nitamfungia grili usoni!" Wakasimama. Ndiyo, walisimama kwa ajili yangu. Mama Nyanzala sauti yake ikasikika sasa: "Siye, mbwa nyie. Siye."

Kiti kikawekwa chini taratibu, kama kinauzwa.

Bega la bibi likarudishwa hospitali. Mkono wa Ligonja ukashonwa, lakini vidole viwili havikukunjika tena. Mlinzi asiyeweza kushika rungu ana kazi gani? Kiwandani wakamwambia apumzike, na kupumzika kwenyewe hawakumwambia mpaka lini. Nyanzala naye akamwambia ahame, maana "mimi na mama yangu mgonjwa hatutaki mambo ya damu mlangoni." Mtaa je? Mtaa ulimpelekea mkate. Mkate mmoja, mtoto akautundika kwenye kitasa, akakimbia.

Ikapita wiki mbili. Siku ya Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Bi Sikudhani akatuita watatu. Mjumbe naye akawepo. Akatuingiza ndani, siyo barazani. Ndani kabisa, kwenye mkeka, na grili akaiacha wazi. Mama Nyanzala aliletwa na binti yake kwa kushikwa mkono, anatazama juu, mbinguni, kama mtu aliyefika ugenini. Bibi akatoa ufunguo, akauweka katikati ya mkeka.

"Huu ni wa chumba cha Makame," akasema. "Ulikuwa kwenye mkoba. Ungekwenda, wangerudi nao. Haukwenda kwa sababu yenu. Sasa mimi siwezi tena kukaa peke yangu. Jua likizama nasikiliza. Sisikii kitu, na hicho ndicho kinachoniogopesha. Nataka mtu mle chumbani. Kodi sitaki. Kazi yake iwe moja tu, akohoe. Nisikie mtu anakohoa uani kwangu, nijue yupo. Chumba ni kimoja na nyie ni watatu. Kila mmoja aseme."

Mama Nyanzala akaanza.

"Shoga, mimi nilikuwepo kuliko wote. Wenzangu walikuja, mimi nilikuwepo tangu kisu kinatoka mfukoni. Sikuwa na mkono wa kukufikia, nikakutupia nyumba yangu. Mpaka leo nakula kwa kijiko kimoja. Mfuniko uliomwangusha ni wangu, bila mfuniko huyu kaka angemkuta wapi? Na sikiliza. Mwanangu ananipenda, sikatai. Lakini ananifungia asubuhi ananifungulia jua limezama. Mimi na wewe tunatazamana mwaka wa nne, tunapungiana mikono kama wafungwa. Nipe chumba. Nitakohoa mpaka utanikataza."

Ligonja akafuata. Alisema maneno machache, anautazama mkono wake.

"Mama, mimi sikusikia milio ni mingapi. Nilisikia mtu analia. Nikatoka. Nimekatwa na mwizi, nimepigwa na majirani, siku moja. Vidole hivi vilikuwa kazi yangu. Mwisho wa mwezi sina pa kulala, na mtaa huu ulipoanza kulijua jina langu ndipo naambiwa nihame. Kama ningelala, ningekuwa mzima. Sijutii. Lakini chumba nakihitaji."

Halafu mimi. Mnanijua. Nilisimama kabisa.

"Bibi," nikasema, "wewe siku ile uliita. Mtaa wenye watu wote hawa uliwaita, kwa hesabu waliyopewa, kwa filimbi waliyopewa. Wakakosea. Nani alikosea? Wote. Nani hakukosea? Fundi wa kibandani, asiye na nyumba, asiye na namba, asiye na filimbi. Mama Nyanzala alikuona, hakuhitaji kuitwa. Ligonja yuko jirani, alisikia kilio. Lakini aliyeitikia wito ni mimi. Nikamfukuza mwizi, nikarudi nikausimamisha umati kwa nondo. Na mimi nalala na vyuma, bibi. Vyuma havikohoi."

Hiyo ya mwisho ilinitoka tu. Sikuwa nimeipanga.

Mjumbe akajikuna kichwa. Akamtazama mama, akamtazama Ligonja, akanitazama mimi. Akasema jambo hili ni zito, yeye ana kikao kingine. Akaondoka.

Basi nyie je? Mmoja aliona, akatupa alichonacho kutoka kifungoni. Mmoja alisikia kilio, akatoa mkono wake. Mmoja alisikia wito, akaja peke yake. Je, nani alistahili ufunguo?

Semeni. Wewe wa mlangoni unasema Ligonja, nakuona. Na wewe mama unasema Mama Nyanzala, kwa sababu mama ni mama. Na wewe unayenitazama mimi, asante, una akili. Bishaneni. Mimi nakunywa maji.

Mmemaliza?

Mnataka kujua bibi alimpa nani? Alinipa mimi. Msigune! Aliuokota ufunguo, akautia kwenye kiganja changu, akakifunga kwa mkono wake mzima. Mama Nyanzala akainamisha uso. Ligonja akanipa mkono, ule mbovu, akasema, "Hongera, fundi." Na bibi akasema hivi, maneno yake haya, siyaongezi: "Wote wamenitendea wema. Lakini mtaa mzima ulisikia saba. Huyu mtoto peke yake alisikia tano zangu."

Hapo ningeishia. Siku zote naishia hapo, watu wananipigia makofi, naondoka. Lakini leo mmekaa kimya sana. Kuna kipande nimekiruka.

Milio ilikuwa mitano. Safi, kama alivyofundishwa, na ya nne ilitetemeka. Watu walipofika penye kibanda wakiuliza ngapi, ngapi, hakuna aliyekosea hesabu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hesabu. Walikuwa wananiuliza mimi. Nilikuwa nimesimama palepale, mashine imezima, mimi ndiye niliyekuwa macho. Wote walinigeukia mimi, mara ya kwanza mtaa ule kunigeukia wote kwa pamoja.

Ile sauti iliyosema "Saba! Kwa mjumbe!" ilikuwa yangu.

Sikupanga kumdhuru mtu. Wala yule kibaka simjui, msinitazame hivyo. Nilitaka tu nifike peke yangu. Watu kumi wakifika pamoja, nani atakumbuka kwamba na Turubali alikuwepo? Nilitaka mara moja, mara moja tu, mtu aseme, alikuja yule. Nilidhani nitamkuta kibaka mmoja, nitamtisha kwa nondo, nitamnyanyua bibi, wenzangu wakirudi wanikute nimemshika mkono. Ndivyo nilivyoiona kichwani wakati naitamka saba. Ilikuwa nzuri sana kichwani.

Wangekwenda kushoto pamoja nami wangemkuta Ligonja anang'ang'ana na mwenye kisu. Wangeona kwa macho yao nani mwizi na nani jirani. Vidole vyake vingepona au visingepona, sijui, kisu kilishapita. Ila kile kiti, na yale mateke, na bibi kutambaa na bega limetoka, hayo yote ni saba yangu.

Ligonja alihama mwisho wa mwezi. Nilimsaidia kubeba godoro mpaka barabarani. Aliniambia asante. Mama Nyanzala bado yupo nyuma ya grili, na asubuhi nikitoka kwa Bi Sikudhani ananipungia mkono kwenye nafasi nilizompimia mimi mwenyewe.

Na mimi nina chumba. Kila alfajiri, kabla hakujaadhiniwa, nakaa kitandani kwa Mzee Makame nakohoa. Sina kikohozi, kifua changu kizima kama ngoma. Nakohoa mara tatu, nne, kwa nguvu. Upande wa pili wa ukuta nasikia kitanda kinalia, kisha sauti.

"Upo, mwanangu?"

"Nipo, bibi."

"Haya."

Basi, analala tena usingizi mzito, wa mtu anayejua yuko na nani.

Kesho ataniuliza tena kama nipo. Kabla hajauliza, hebu nyie niambieni, na sasa mnajua yote, hakuna kipande nilichobakiza: Mama Nyanzala yuko nyuma ya nondo, Ligonja sijui analala wapi, na mimi ndiye mwenye ufunguo mfukoni. Je, nani alistahili kukohoa mle ndani?